Maneno Kati ya Nyimbo: Lugha ya Mtangazaji wa Muziki wa Jazi kutoka Redio hadi Podikasti



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kutoa mhadhara wa mwaka huu. Waandaaji waliponiandikia walitarajia, nadhani, kwamba ningezungumzia kitenzi cha Kiswahili, kwani hiyo ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto kwa zaidi ya miaka 30. Badala yake nimechagua kuzungumzia kazi yangu ya pili, ambayo baadhi ya wenzangu huiona kuwa ni mchezo wa mzee: kuendesha kipindi cha muziki wa jazi. Kuanzia 2006 hadi 2011 nilikuwa na saa moja kila Jumapili usiku katika kituo kimoja cha redio hapa Dar es Salaam, na tangu 2021 ninatayarisha podikasti ya muziki huohuo katika chumba cha uani nyumbani kwangu Tegeta. Mtaona kwamba kitenzi hakitakosa kujitokeza.

Hoja yangu naweza kuieleza kwa sentensi mbili. Redio ilihifadhi nyimbo ikayaachia maneno yapotee; podikasti inahifadhi maneno huku ikinyimwa nyimbo. Kati ya hali hizi mbili ipo aina ya Kiswahili ambayo imesemwa karibu kila siku tangu Sauti ya Dar es Salaam ianze kurusha matangazo mwaka 1951, nayo ni maneno ya mtangazaji kati ya wimbo mmoja na mwingine. Tumeandika tasnifu kuhusu mashairi ya nyimbo zenyewe, na ni vizuri. Maneno yaliyozibeba nyimbo hizo hadi masikioni mwa watu tumeyachukulia kama kikapu: samaki akishafika nyumbani, kikapu hutupwa nje.

Nianze na neno jazi lenyewe, maana mgeni akisikia kwamba ninaendesha kipindi cha jazi hutegemea kusikia tarumbeta za New Orleans. Katika Kiswahili cha Tanganyika neno hili halikubaki na maana liliyokuja nayo. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na baada ya hapo karibu kila mji uliokuwa na ukumbi na magitaa mawili ukawa na Jazz yake: Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma. Muziki uliopigwa ulikuwa na asili ya rumba ya Kuba zaidi kuliko ya kitu chochote kilichopigwa Chicago. Jazi, basi, si aina ya muziki bali ni aina ya kikundi: ni bendi ya magitaa, na baadaye ya magitaa na vyombo vya kupuliza, inayopiga dansi. Ndiyo maana NUTA Jazz, Urafiki Jazz na Vijana Jazz zilikuwa mali ya jumuiya ya wafanyakazi, kiwanda cha nguo na jumuiya ya vijana wa chama, wala hakuna aliyeona ajabu.

Msikilizaji mmoja aliwahi kunieleza hewani kwamba neno jazi limetokana na kitenzi kujaza, kwa sababu bendi nzuri hujaza ukumbi. Nilikuwa na sekunde chache za kuamua kama nimjibu kama mtangazaji au kama profesa. Nilimwambia kwamba maelezo yake ni mazuri kuliko ukweli. Hakuniuliza ukweli ni upi, nami sikuusema. Hadi leo sijui kama nilifanya dhambi ya kitaaluma.

Majina ya bendi hizi yalikuwa pia ramani. Western Jazz, iliyoanza mwaka 1959, ilikuwa bendi ya Dar es Salaam, lakini jina lake lilitoka Jimbo la Magharibi, nyumbani kwa waanzilishi wake. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande nayo ilipiga mjini hapa ikiwa na jina la kusini. Mtangazaji aliyezitaja bendi hizo usiku mmoja aliwataja watu wa bara na wa pwani waliohamia mji mmoja, na kila mmoja alisikia jina la kwao likitoka katika redio ya jirani.

Sasa tuje kwenye hifadhi. Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sote twaikumbuka kwa kifupi cha RTD, ndiyo iliyokuwa studio kuu ya bendi zetu kwa miaka mingi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Sahani zilitengenezwa Nairobi. Bendi iliyotaka kusikika ilikwenda Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, ikiwa na maneno ya nyimbo zake yaliyokwisha kukaguliwa, ikapiga, na kanda ikabaki pale. Kanda hizo ni hazina ya taifa, na walizozirithi, yaani Shirika la Utangazaji Tanzania, wanajua hivyo. Lakini tazameni kilichomo: wimbo, wimbo, wimbo. Mtangazaji aliyeupiga wimbo huo hewani katika kipindi cha Misakato au cha Zilipendwa alikaa mbele ya kipaza sauti, akazungumza moja kwa moja, na sauti yake ikaenda angani. Wimbo ulirudishwa kabatini. Yeye alirudi nyumbani kwa basi.

Silaumu. Kanda ilikuwa ghali, na hakuna ofisi duniani inayoweza kuhifadhi kila neno linalosemwa ndani yake. Nasema tu kwamba mtu akitaka leo kuchunguza Kiswahili cha marehemu Julius Nyaisangah, aliyefariki mwaka 2013, au cha marehemu Charles Hilary, aliyefariki mwaka 2025, watangazaji waliofundisha kizazi kizima namna ya kutamka, atapata kidogo kuliko atakachopata kuhusu mpiga tumba wa bendi ya mkoani aliyerekodi nyimbo nne.

Mimi mwenyewe nilidhani nimenusurika na tatizo hili, kwa kuwa nilianza kazi katika zama za kompyuta. Mwaka 2012 mwanafunzi wangu mmoja alitaka kuandika tasnifu kuhusu lugha ya watangazaji wa muziki. Nilimwambia kwa majivuno kwamba data anayo: vipindi vyangu vya miaka mitano. Nilikwenda kituoni. Kijana wa mitambo alinipokea kwa adabu, akafungua kompyuta, akatafuta. Vipindi vyangu vilikuwa vimefutwa ili kupata nafasi ya matangazo ya biashara. Orodha za nyimbo nilizopiga zilikuwapo zote, Jumapili kwa Jumapili, kwa ajili ya mahesabu ya hakimiliki. Kila wimbo ulikuwa na jina lake, dakika zake na sekunde zake, na kati ya wimbo na wimbo palikuwa na mstari mtupu.

Nilirudi Tegeta nikiwa nimenyong'onyea. Mke wangu aliponiuliza nikamweleza, naye akacheka, akaingia chumbani, akatoka na boksi la viatu. Ndani yake mlikuwa na kaseti 14. Kumbe Jumapili usiku, wakati mimi niko mjini natangaza, yeye alikuwa akirekodi kipindi kutoka kwenye redio ya jikoni. Sikumbuki kama niliwahi kufurahi hivyo tangu nilipopata shahada ya uzamivu.

Furaha ilidumu hadi nilipoiweka kaseti ya kwanza. Wimbo ulianza, ukaisha, kikasikika kishindo kidogo cha swichi, ukaanza wimbo mwingine. Alikuwa akibonyeza kitufe cha kusimamisha kila nilipofungua mdomo. Kaseti 13 ziko hivyo. Nilipolalamika alinijibu kwa utulivu: "Mimi nilitaka nyimbo. Wewe nilikuwa nawe nyumbani."

Ndugu zangu, hivi ndivyo alivyofanya kila mtu. Nani kati yetu wenye umri huu hakukaa mbele ya redio kaseti akiwa na kidole juu ya kitufe, akimwombea mtangazaji anyamaze kabla gitaa halijaingia? Mtangazaji aliyezungumza juu ya wimbo aliitwa mharibifu. Hata katika sanduku la mpenzi wa muziki, basi, maneno yalikatwa kwa mkono, na kwa upendo. Kilichobaki kwenye kingo za nyimbo ni vipande: "…na hawa si wengine bali ni…", "…kutoka Tabora, naam, sikili…". Nimeviandika vyote katika daftari. Ni sarufi ya sentensi zisizo na vichwa wala miguu, na mwanafunzi wangu, kwa busara, alibadilisha mada.

Ila kaseti ya 14. Usiku mmoja, nadhani wa mwaka 2008, aliitwa mlangoni na mgeni, akasahau kitufe. Kwa dakika 31 kanda ilizunguka bila kukatwa. Hizo dakika 31 ndizo ushahidi wangu wote wa miaka mitano, na ndizo ninazotaka tuzitazame.

Katikati ya kanda hiyo simu inaingia. Nayanakili mazungumzo kama yalivyo:

— Haloo, hapo ni redioni?
— Naam, uko hewani, karibu. Nani mwenzetu?
(Kimya cha kama sekunde tatu.)
— Kwanza shikamoo iko wapi?
— Ah, shikamoo mzee wangu.
— Marahaba mwanangu. Nipo Boko huku. Hiyo bendi uliyosema ni Western, siyo. Hiyo ni Kilwa. Mimi nimewacheza hao, pale Anatoglo.
— Nashukuru sana mzee. Umetusahihisha.
— Sijakusahihisha, nakukumbusha.

Katika redio, kimya cha sekunde tatu ni kirefu kama mvua ya masika. Nilikuwa nimeuliza "Nani mwenzetu?" kama wafanyavyo watangazaji wote, na kwa kuuliza hivyo nilikuwa nimemfanya kuwa rika langu. Swali la shikamoo ni gumu kwa yeyote anayezungumza na watu asiowaona. Ana kwa ana, macho huamua kabla ya ulimi: mvi, mkongojo, namna ya kusimama. Hewani kuna sauti tu, na sauti hudanganya. Nilikwisha kuwahi kumwamkia kijana wa miaka 25 mwenye sauti nzito, akaitikia "marahaba" bila kusita, nadhani hadi leo anawasimulia wenzake. Watangazaji wamebuni njia za kulikwepa jambo hili: kukaribisha badala ya kusalimu, kutumia "mwenzetu", "msikilizaji wetu", "ndugu yetu". Mzee wa Boko alikataa kukwepwa. Na mtazame alivyomaliza: "nakukumbusha". Kusahihisha kungenishusha mbele ya watu. Kukumbusha kunachukulia kwamba nilijua nikasahau. Huyo hakuwa amesoma pragmatiki. Alikuwa na Kiswahili.

Jambo la pili katika kanda hiyo ni upatanisho wa kisarufi, na hapa naomba wasio wanaisimu wanivumilie kwa aya mbili. Jina la bendi katika Kiswahili liko katika ngeli gani? Katika dakika zangu 31 nasema "Western Jazz ilianzishwa", na baada ya sekunde chache tu nasema "Western Jazz wanalalamika". Nilipolitazama daftari la vipande nikakuta mwelekeo uleule: bendi inapokuwa na historia, yaani inaanzishwa, inasafiri, inavunjika, hupata upatanisho wa I-; bendi inapofungua kinywa hupata WA-. Morogoro Jazz ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, lakini Morogoro Jazz wanatuasa, wanambembeleza mpenzi, wanatuaga. Sikufundishwa hivyo na yeyote, wala sikujua kwamba nafanya hivyo. Mashabiki wa mpira nao wana yao: Yanga wameshinda, Yanga imefungwa. Ninawaachia wenzangu walifanyie utafiti kwa tahadhari, maana linaweza kuleta ugomvi.

Jambo la tatu ni utajaji wa bendi yenyewe. Katika kanda nasema, kwa pumzi moja, "NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, na leo hii Msondo Ngoma". Mgeni angesikia maelezo ya ziada. Msikilizaji wa nyumbani alisikia historia ya chama cha wafanyakazi tangu 1964 hadi zama za mageuzi, na mwisho wake bendi imeachwa na jina la ngoma tu, bila mwajiri. Vilevile Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, watu wengi huiita Sikinde, nalo ni jina la ngoma ya Wazaramo. Majina ya mitindo yalikuwa na maisha yake. Maquis walicheza Kamanyola, ambalo ni jina la mahali mashariki ya Kongo. Urafiki walikuwa na Chakachua, miaka mingi kabla neno kuchakachua halijahamia kwenye mafuta ya magari na kura mwaka 2010. Sidai kwamba neno lilitoka kwenye bendi. Nasema kwamba vijana waliodhani limezaliwa jana walishangaa kulikuta ukumbini.

Na sasa lile neno nililokwisha kulitumia bila kulieleza, zilipendwa. Mimi huliona kuwa ni mchango mkubwa kuliko yote ambao redio ya muziki imeutoa kwa sarufi yetu. Kwa kanuni, kama tunataka kusema nyimbo ambazo watu walizipenda zamani, tunahitaji kirejeshi: nyimbo zilizopendwa. Ndivyo wasemavyo Wakenya wengi hadi leo, zilizopendwa, na wako sahihi. Watanzania tulisema zilipendwa. Hiki si kirejeshi. Ni sentensi kamili. Ina kiambishi cha nafsi, ina wakati uliopita, ina kauli ya kutendwa. Sentensi hii ikapewa kipindi, kutoka kipindini ikawa aina ya muziki, na kutoka hapo ikawa nomino kama nomino nyingine: wimbo wa zilipendwa, usiku wa zilipendwa, bendi ya zilipendwa. Lugha yetu imezoea kugeuza sentensi kuwa majina. Tuna akina Sikudhani na Sikujua vijijini, na gazeti la Nipashe mezani. Lakini zilipendwa imefika mbali zaidi, kwa sababu sasa hata mtu anaweza kuwa zilipendwa. Nimesikia akisemwa hivyo mchumba wa zamani, nimesikia akisemwa hivyo waziri. Na mwaka juzi, katika korido ya idara yetu, nilisikia akisemwa hivyo profesa fulani, na waliokuwa wakisema walinyamaza nilipotokea.

Ninalipenda neno hili na pia linanisumbua. Ukiuita wimbo zilipendwa umekwisha kuamua kwamba mapenzi yalikwisha. Kauli ya kutendwa haimtaji aliyependa, na wakati uliopita haumrudishi. Kipindi changu cha redio kilitaka kuitwa hivyo na wakubwa wa kituo; nilikataa, nikakiita kipindi cha jazi tu, na hilo lilinipotezea mdhamini mmoja.

Hayo yote, naomba mkumbuke, yametoka katika dakika 31 zilizosalia kwa bahati ya mgeni mlangoni.

Podikasti nilianza kwa ushawishi wa wanangu, wakati wa kukaribia kustaafu. Chumba cha uani kilikuwa stoo. Tulitundika mablanketi ukutani na godoro nyuma ya mlango. Wanaoijua Tegeta wanajua kwamba utulivu si bidhaa tunayoiuza: malori ya saruji ya Wazo yanapita, wanaoadhini wanaadhini, jirani ana kuku wasiojua saa. Jina la mahali petu lilivuma nchi nzima mwaka 2014 kwa sababu ya akaunti ya Escrow iliyohusu malipo ya umeme wa mtambo ulio jirani zetu, lakini umeme wenyewe nyakati nyingine huondoka bila kumwaga jirani. Nikaamua kurekodi saa tano za usiku.

Kosa la kwanza nilitenda katika neno la kwanza. Nilisema "Habari za jioni hii". Mwanangu akasimamisha mashine: "Baba, nani kakwambia ni jioni?" Mtu atasikiliza alfajiri akiwa ndani ya daladala, mwingine mchana akiwa Muscat. Kiswahili cha redio kimesukwa kwa wakati na mahali: saa hii, usiku huu, wewe uliyeko jikoni, wewe dereva uliye barabarani, wewe uliyelazwa, ugua pole. Vyote hivyo nilivivua kimoja baada ya kingine kama mtu anayevua nguo za sherehe. Salamu yenyewe ndiyo iliyonishinda, kwa kuwa salamu zetu nyingi hutaka kujua jua liko wapi. Mwishowe niliokolewa na maneno ambayo sikuwahi kuyaheshimu: "Habari za saa hizi." Saa hizi ni saa zozote. Nayatumia hadi leo.

Zilikwenda pia salamu za kadi. Wazee mnazikumbuka kadi za salamu: jina la mtumaji, mahali alipo, orodha ndefu ya wanaosalimiwa, na mwishoni ujumbe, ambao mara nyingi ulikuwa methali. Mtangazaji aliyesoma kadi kumi alikuwa amesoma sensa ndogo ya watu waliotawanyika, na ameacha methali kumi hewani kabla ya wimbo. Podikasti haina mahali pa kuweka salamu hizo, kwani salamu inayosikilizwa baada ya miezi minne ni barua iliyopotea.

Hata hivyo hasara kubwa ni nyimbo zenyewe. Redio hupiga muziki chini ya utaratibu wa leseni na malipo ya hakimiliki. Podikasti huvuka mipaka, na mitambo ya kampuni za ng'ambo husikiliza kabla watu hawajasikiliza. Kipindi changu cha tatu kilitolewa mtandaoni ndani ya siku moja kwa sababu ya sekunde 40 za gitaa. Mdai alikuwa kampuni ya nje ambayo familia ya mwanamuziki, nilipowauliza, haikuwahi kuisikia. Naiheshimu sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, na Marijani Rajab alifariki 1995. Fanyeni hesabu wenyewe. Wanamuziki wetu walidhulumiwa vya kutosha, sitaki kuwa mdhulumu mwingine kwa jina la utamaduni. Lakini kudaiwa na mtu asiyemjua marehemu ni jambo jingine.

Nikabaki na kipindi cha muziki kisicho na muziki. Nilifikiria kuacha. Badala yake nikajaribu kuusimulia wimbo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimetangaza miaka mitano bila kuwahi kuuelezea wimbo hata mmoja. Redioni sikuhitaji: nilisema jina, mwaka na mtunzi, kisha wimbo ukajieleza. Sasa nilihitaji maneno. Nilikwenda kwa wanamuziki wastaafu, na kumbe wao wanayo tangu zamani. Gitaa la solo, la ridhimu na la besi sote tunayajua. Saksafoni kwao ni domo la bata. Sehemu ya pili ya wimbo, pale mwimbaji anapokwisha kutoa kisa chake na magitaa yakapandisha kasi ili watu wacheze, huitwa chemko, kama maji yaliyokaa jikoni muda wa kutosha. Gitaa hucharazwa, tumba hudundwa, lakini besi, aliniambia mzee mmoja aliyeipiga miaka 20, "haipigwi, inatembezwa". Nilimwomba airudie nipate kuiandika.

Hivyo sasa nasema hivi katika podikasti: "Solo inabisha hodi mara mbili, ridhimu inaitikia ndani bila kufungua. Besi inatembea uani taratibu, kama mwenye nyumba anayejua nani kaja. Mwimbaji anaingia amechelewa kidogo, makusudi." Wasikilizaji huniandikia kwamba baada ya kusikia maelezo huenda kuutafuta wimbo, na wengine hunigombeza kwamba besi haitembei hivyo nilivyosema. Ubishi huo umeandikwa na upo. Mzee wa Boko, aliyefariki miaka kadhaa iliyopita kama nilivyokuja kuambiwa na wajukuu zake, angekuwa na mengi ya kunikumbusha.

Wenzetu wa nchi nyingine walikwisha kuutambua uzito wa mtangazaji wa jazi. Kuanzia mwaka 1955 Willis Conover wa Sauti ya Amerika alitangaza jazi kwa Kiingereza cha polepole na kinachoeleweka, na watu wa Ulaya ya Mashariki wasiokuwa na mwalimu walijifunza Kiingereza kutoka kwake, kati ya wimbo na wimbo. Sisi pia tulikuwa na walimu wa namna hiyo, kwa Kiswahili. Mtoto wa Tabora wa miaka ya sitini na sabini ambaye nyumbani alisema Kinyamwezi, na mimi ni mmoja wao, alijifunza kusema "hatimaye" na "kwa hakika" kutoka kwa mtu aliyekuwa akisubiri gitaa liingie.

Ndiyo maana nimekuja na ombi. Majumbani mwetu, hapa Kinondoni, Temeke, Tabora, Tanga na Unguja, mna maboksi ya viatu. Wanafunzi mtakaokwenda likizo, waulizeni bibi na mama zenu. Msitafute nyimbo, nyimbo zinatunzwa. Tafuteni kaseti ambayo mtu alisahau kubonyeza kitufe kwa sababu chungu kilikuwa kinafurika, au mtoto alikuwa analia, au hodi ilipigwa mlangoni. Andikeni juu ya ganda jina la mji, na mwaka kama unajulikana. Msizisafishe kelele za nyuma. Nilipokuwa nahariri kipindi kimoja mwaka jana nilitaka kuukata mngurumo wa lori uliopita katikati ya sentensi, nikachoka, nikauacha. Baada ya wiki moja mama mmoja aliyekulia Kunduchi na sasa anaishi Muscat aliniandikia. Hakusema lolote juu ya bendi niliyoizungumzia. Aliuliza kama lile lilikuwa lori la Wazo likishuka kuelekea Kibaoni, na kama ningeweza siku nyingine kuacha dirisha wazi.